Unataka gemu, si duka: Linux na programu za maduka ya Windows

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wanaohamia Linux wameongezeka, na wengi huanzia pabaya. Wanapakua kisakinishi cha duka la gemu la Epic Games, wanakifungua kwa Wine, programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, dirisha linatoka jeusi tupu, lawama zinaiangukia Linux. Kwa maoni yangu, kazi hiyo haikuhitajika tangu mwanzo.

Wine haiigizi kompyuta nzima; inapokea maagizo ya Windows na kuyatekeleza kwa njia ya Linux. DXVK hugeuza Direct3D (mfumo wa michoro wa Windows) ya 8 hadi 11 kuwa Vulkan (ule unaotumika kwenye Linux), na VKD3D-Proton hushughulikia ya 12. Gemu nyingi hupita hapo bila matata. Linalosumbua ni duka lenyewe, kwa kuwa ndani yake mna kivinjari cha Chromium, huduma za chinichini na kisasishaji kinachojibadilisha bila kukuuliza. Jana lilifunguka, leo limegoma.

Kwa maduka ya Epic, GOG na Amazon, sakinisha Heroic. Hii ni programu ya Linux kabisa: unaingia kwa akaunti yako, unapakua GE-Proton humohumo (toleo la jamii la Proton, ambayo ni Wine iliyoboreshwa na Valve kwa ajili ya gemu), kisha unawasha gemu bila duka la Windows kuwapo. Kama mafaili ya gemu tayari yako kwenye diski, tumia sehemu ya kuingiza gemu badala ya kupakua upya. Kwa anayenunua bando la GB, hilo si jambo dogo.

Programu za maduka ya Battle.net, EA na Ubisoft Connect hazikwepeki kirahisi hivyo. Lutris, programu nyingine ya Linux ya kusimamia gemu, ina skripti za kuzisakinisha, lakini Steam, duka la Valve lenye toleo la Linux, pia inatosha. Ongeza kisakinishi kama gemu isiyo ya Steam, fungua sifa zake, nenda Compatibility, lazimisha Proton, kisha kiwashe. Kikimaliza, usiifute njia hiyo ya mkato! Hapa ndipo wengi hukwama. Steam huipa kila njia ya mkato folda yake yenye namba ndani ya steamapps/compatdata. Ukiifuta na kuongeza nyingine, unapata folda mpya isiyo na kitu, na duka ulilosakinisha linabaki kwenye ile ya zamani. Badilisha tu njia ya faili (Target) ielekee kwenye .exe ya duka iliyo ndani ya pfx/drive_c (diski C ya bandia) ya folda ileile, pamoja na folda ya kuanzia (Start In). Dirisha likiwa jeusi, zima matumizi ya kadi ya grafiki katika mipangilio ya duka, au jaribu toleo jingine la Proton.

Kila duka lipewe folda yake. Ukirundika matatu mahali pamoja, faili za mfumo ambazo moja linazihitaji zinaweza kuliharibu jingine, na hutajua lipi limeanza. Folda hizo ziwe kwenye diski yenye mfumo wa faili wa Linux, yaani ext4 au Btrfs. Diski ya NTFS (mfumo wa faili wa Windows) uliyorithi kutoka Windows ni chanzo cha hitilafu za ajabu, maana Wine hutengeneza viungo vya faili (symlink) vyenye majina kama c: ambayo Windows haiyakubali.

Kabla ya yote hayo, pima mashine. DXVK kuanzia 2.0 inataka Vulkan 1.3, na laptopu za mtumba zenye Intel ya kizazi cha 4 kurudi nyuma hazifiki huko kwa grafiki zake za ndani. Kwa kizazi cha 3 na cha 4, baki na DXVK 1.10.3. Kwa NVIDIA, hakikisha maktaba za biti 32 za draiva zimo, la sivyo duka linaweza kugoma hata kama gemu yenyewe ni ya biti 64.

Na kuna gemu ambazo si za kuhangaikia. Easy Anti-Cheat na BattlEye, programu za kuzuia udanganyifu kwenye gemu za mtandaoni, zinaweza kufanya kazi chini ya Proton, ila mpaka mtengenezaji aruhusu. Fortnite hairuhusu. Valorant inadai Vanguard, kizuia udanganyifu chake, ndani ya kiini (kernel) cha Windows. Apex Legends iliruhusu, kisha ikafunga mlango mwishoni mwa Oktoba 2024. Kwa hizo, acha Windows kwenye diski ya pili.