Unawaza MBA? Anza na bosi wako sasa hivi

Kila nikikaa na vijana wa hapa Dar walioajiriwa juzijuzi na wanawaza kusoma MBA, yaani digrii ya pili ya biashara, nje, stori ni moja tu, GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi. Sawa, mtihani una uzito wake na ufanye mapema wakati hesabu za chuo bado ziko kichwani, matokeo yanadumu miaka 5 kwa hiyo ukifanya ukiwa na 23 mpaka 28 bado unayatumia. Ila jamani, kwa ninavyoona mimi, panapowakwamisha wengi ni kwenye barua ya bosi ya kukupendekeza chuoni.

Huko Marekani, Harvard wanataka barua 2, Stanford nao 2, na Stanford wanasema kabisa moja itoke kwa bosi anayekusimamia sasa. Na sio zile za "namfahamu, ni mchapakazi na mwaminifu", hapana, bosi anaulizwa huyu ukimlinganisha na wenzake yukoje, na ulipomkosoa alipokeaje, toa mfano. Sasa kama hajawahi hata siku moja kukuita akakwambia hapa umeboronga, ataandika nini? Ndio unasikia "andika mwenyewe nitasaini", na hilo vyuo hawalitaki kabisa.

Kwa hiyo toka mwaka wa kwanza kazini omba kukosolewa. "Bosi, ile ripoti ya mwezi ungetaka iweje?" Halafu rekebisha, aone. Na andika unachofanya, tuseme uko benki, mkopo wa mfanyabiashara mdogo ulikuwa unachukua wiki 2 wewe ukapanga mafaili upya ukawa siku 4, andika siku hiyohiyo na mtumie bosi kila mwisho wa mwaka, maana baada ya miaka 3 nyote wawili mtakuwa mmesahau. Cheo kikubwa sio lazima, kuna maofisa wa kawaida kabisa wenye mambo mazito kuliko mameneja.

Mlio mwaka wa mwisho chuoni, angalieni 2+2 ya Harvard, unaomba sasa, unafanya kazi miaka 2 mpaka 4 ndio unaenda. Na ada isikutishe kabla hujasoma, Stanford wana ufadhili unaoitwa Africa MBA Fellowship, ukimaliza unatakiwa ndani ya miaka 2 urudi Afrika ufanye kazi miaka 2, mimi naona ni sharti zuri tu.

Awamu ya kwanza ya maombi Harvard hufungwa mwanzoni mwa Septemba, kwa hiyo mwezi wa 5 uwe umeshakaa na bosi mkaongea, sio unamtumia meseji wiki ya mwisho na yeye yuko safarini.