Mshahara nao unahitaji mshenga

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Chumbageni, furaha imemjaa hadi maneno yanampita. Ameitwa kuwa meneja wa fedha kwenye kampuni moja ya usafirishaji hapa Tanga na barua ya ofa anayo mkononi. "Shangazi, shikamoo. Wamenipa milioni sita!" Nikamwitikia marahaba, nikampongeza, kisha nikamuuliza: hizo milioni sita ni mshahara wa msingi au ni jumla ya kila kitu? Akanyamaza. Na siku ukiondoka, wanakupa nini? Hapo akacheka. "Shangazi jamani, hata sijaingia, nianze kuuliza ya kutoka?"

Jibu lake ndilo lililonifanya nikae niandike. Nimefanya kazi kwenye ofisi za fedha na utumishi miaka 22, na hakuna aibu iliyowagharimu mameneja wetu kama hii ya kuona si adabu kuuliza ya kutoka wakati wa kuingia. Kati ya siku unayopewa ofa na siku unayosaini, mwajiri ameshakuchagua, ameshawaambia wengine hapana, na anataka uanze. Ukishasaini, kila utakachoomba kitakuwa hisani.

Wala si kwamba watu wa Tanga hatujui kupatana. Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi vyombo vinapoingia uone mama mmoja anavyoishusha bei ya kolekole mpaka mvuvi anaapa kwamba anapata hasara. Kwenye mahari ndiyo usiseme. Wazee wanakaa mkekani, mshenga anakwenda na kurudi, kila kitu kinatajwa kwa jina lake: fedha taslimu, kilemba cha baba, mkaja wa mama. Hakuna anayeiita familia ile ya watu wenye tamaa. Lakini mtu huyohuyo akipewa mkataba wa kurasa 14, wa kazi atakayoifanya miaka mitatu, anatafuta ukurasa wenye namba, anausoma, anasaini, anasema alhamdulillahi.

Naijua haya hii ilikotoka, na siidharau. Mwaka 1966 Mwalimu Nyerere alijipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi. Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba wakuu wa mashirika ya umma hawatalipwa zaidi ya shilingi milioni 15 kwa mwezi. Tumelelewa tukijua kwamba mkubwa anayehangaikia mshahara wake amekosa kitu moyoni. Kwa fedha za umma nasimama upande huo hadi leo: anayelipwa na kodi ya mama muuza vitumbua awe na kiasi. Lakini kwenye kampuni binafsi, shilingi uliyoona aibu kuiomba haiendi kwa maskini. Inabaki kwa mwenye hisa, na yeye hana aibu yoyote ya kuipokea.

Babu yangu alikata mkonge kwenye shamba moja upande wa Muheza, enzi za kipande. Kipande ilikuwa kadi yenye vyumba 30, na ulilipwa ukishatimiza siku 30 za kazi zilizotiwa alama. Babu hakujua kusoma, lakini kila jioni alihesabu vyumba vyake kwa kidole, na nyapara aliyesahau kutia alama alifuatwa usiku uleule. Nikiwaona wenye shahada mbili wanasaini wasichokisoma, namkumbuka babu na kidole chake.

Sasa tuzihesabu milioni sita za kijana wetu. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10 yake, yaani 600,000, na mwajiri anaongeza nyingine kama hiyo. Zinabaki 5,400,000 za kukatwa kodi. Kwa viwango vya Bara, anayevuka milioni moja kwa mwezi analipa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi milioni hiyo. Kwake ni 1,448,000. Mkononi anapata 3,952,000, kabla hajalipa mkopo wala kuchangia harusi. Nyumba na gari la kampuni navyo kodi inavitazama kama sehemu ya malipo, kwa hiyo usipokee ufunguo kabla hujauliza nani anabeba kodi yake.

Hata hivyo ugomvi wangu haukuwa kwenye milioni sita. Ulikuwa kwenye mgawanyo. Ofa ilisema mshahara wa msingi ni milioni tatu, na milioni tatu nyingine ni posho: nyumba, usafiri, simu, mazingira ya kazi. Kijana akaniambia, "Si ni zilezile, shangazi?" Mwisho wa mwezi, kweli ni zilezile. Lakini mkataba wake ni wa miaka mitatu na unaahidi kiinua mgongo cha asilimia 25 ya mshahara wa msingi. Kwa msingi wa milioni tatu, baada ya miezi 36 hiyo ni milioni 27 kabla ya kodi. Msingi ukiwa milioni nne na nusu, na posho milioni moja na nusu, jumla ileile ya milioni sita inamletea milioni 40 na nusu. Tofauti ya milioni 13 na nusu, kwa kuhamisha namba kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Nyongeza za kila mwaka nazo mara nyingi huhesabiwa kwenye msingi, na malipo ya kuachishwa kazi kwa mujibu wa sheria yanahesabiwa kwenye msingi huohuo.

Hilo la kuachishwa nalijua kwa kuumia. Mwaka 2011 nilisaini mkataba na kampuni moja, sitaitaja. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kupata, na sikuuliza kitu. Msingi wangu ulikuwa theluthi moja tu ya nilichopokea. Mwaka 2017 kampuni ikauzwa. Wenye mali wapya walikuja na meneja wao wa fedha, na ndani ya wiki tatu nikapewa barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri anayekuachisha akulipe angalau siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Mimi nilikuwa na miaka sita, kwa hiyo siku 42 za msingi. Na kwa kuwa msingi ulikuwa theluthi, siku 42 hizo zilikuwa sawa na siku 14 za mshahara niliouzoea. Miaka sita ya kulala saa saba usiku nikifunga hesabu, nikaondoka na wiki mbili, notisi na likizo yangu. Bonasi ya mwaka ule mkataba ulisema italipwa "kwa hiari ya uongozi", na uongozi mpya ukaamua haipo.

Nilifikiri nimeonewa, nikawa naona aibu kusema. Nilipomfuata mwanasheria zilikuwa zimepita siku 40. Akaniambia mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ukichelewa, unaanza kwa kuomba usamehewe kuchelewa. Sikuwa na nguvu hiyo tena.

Ndiyo maana namsisitizia kila anayenisikiliza aombe kifungu cha mabadiliko ya umiliki: kampuni ikiuzwa na nafasi yako ikafutwa au ikapunguzwa hadhi, unalipwa mshahara wa miezi sita, au mitatu, au yoyote mtakayokubaliana. Watu wa Tanga hatuhitaji kuelezwa kwamba mali hubadilisha mikono. Mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa mwaka 1967, baadaye yakarudi kwa watu binafsi. Kiwanda cha mbolea kilikuwepo, hakipo. Sasa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani hapa kwetu, bandari imepanuliwa, na vijana wetu wanaitwa kwenye kampuni ambazo mikataba yake inafuata mradi. Mradi ukiisha, mkataba wa muda maalumu unafika mwisho wenyewe, na kama kiinua mgongo hakikuandikwa, unaondoka na shukrani.

Notisi nayo ina neno. Kwa anayelipwa kwa mwezi sheria inaweka angalau siku 28. Mnaweza kukubaliana muda mrefu zaidi, sharti uwe sawa kwa pande zote mbili. Kwa meneja mimi nasema miezi mitatu, kwa sababu nafasi za namna hiyo hazipatikani kila mwezi, hasa kama hutaki kuhamia Dar es Salaam. Saa za kazi usiziulize kwa matumaini makubwa: kikomo cha saa 45 kwa wiki hakimlindi meneja anayesimamia wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Simu za usiku zitakuja bila malipo ya ziada. Kwa hiyo bei yake iingie kwenye mshahara tangu mwanzo.

Watu huniuliza, nitajuaje thamani yangu wakati hakuna anayesema analipwa ngapi? Soma taarifa za mwaka za kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinazilazimisha kuonyesha jumla ya malipo ya viongozi wao wakuu, na ukijua wako wangapi unapata picha. Marekani wamekwenda mbali zaidi: kampuni iliyoorodheshwa inataja malipo ya mkurugenzi mtendaji, mkuu wa fedha na watendaji wengine watatu wanaolipwa zaidi, na mikataba yao mingi inawekwa hadharani. Kiasi chao hakituhusu. Vifungu vyao vinatuhusu sana. Nilipoisoma mikataba hiyo kwa mara ya kwanza nilishangaa kuona kurasa zinazozungumzia kuondoka zilivyo nyingi kuliko zinazozungumzia kazi.

Kisha tafuta mshenga. Nasema hivi kwa uzito wake wote. Bwana harusi hajiombei mke mwenyewe, si kwamba hana ulimi, bali kwa sababu anayetaka sana hapatani vizuri. Mwanasheria wa kazi asome mkataba kabla hujausaini, hata kama itakugharimu nusu ya mshahara wa mwezi mmoja. Kama mwajiri hapendi kukaa na mwanasheria wako, basi huyo akuandikie barua na wewe uipeleke kwa jina lako. Hata mtu mzima wa familia aliyekwisha kupita huko anatosha kukuzuia usiseme ndiyo kwenye simu. Wanawake wenzangu hasa: tumefundishwa kushukuru kwanza. Shukuru, kisha sema unaomba siku tano za kuusoma mkataba.

Kijana wetu aliomba siku tano. Tulikaa barazani kwangu Makorora jioni mbili, chai na mkataba, tukaandika barua ya ukurasa mmoja: msingi uwe milioni nne na nusu, bonasi ipimwe kwa hesabu zilizokaguliwa, notisi miezi mitatu, na kampuni ikiuzwa alipwe miezi sita. Aliogopa watamnyang'anya ofa. Hawakumnyang'anya. Wamekubali msingi na notisi. Bonasi wamesema itaandikiwa kipimo baada ya miezi sita ya matazamio, jambo ambalo sijalipenda, na nimemwambia adai tarehe iandikwe. Kwenye kifungu cha kuuzwa wamesema miezi miwili. Alhamisi anarudi kwao na jibu la miezi minne.