Ng'ombe wa Uani: Kinga ya Malaria au Chambo cha Mbu?

Mfugaji mmoja wa Goba, Dar es Salaam, alinieleza, huku akimkamua ng'ombe wake hatua chache kutoka dirisha la chumba cha wanawe, kwamba tangu aanze kufuga mbu "hushibia bandani" na malaria imepungua nyumbani kwake.

Hoja yake si ya kubezwa. Mbu jike hufyonza damu ili akomaze mayai yake, na kwa kuwa vimelea vya malaria ya binadamu havikui mwilini mwa ng'ombe, mbu anayeshiba bandani hajamwambukiza mtu kwa mlo huo. Anopheles arabiensis, mmoja wa mbu waenezao malaria, hasa hula kwa binadamu na kwa ng'ombe vilevile, mara nyingi nje ya nyumba, na hata saa za jioni ambapo watu bado wako barazani. Ndiyo maana katika Bonde la Kilombero, Tanzania, baada ya vyandarua vyenye dawa kuenea, yeye alibaki kwa wingi wakati Anopheles gambiae, anayependelea damu ya binadamu na kumfuata kitandani usiku wa manane, alipungua sana. Huyo wa pili, pamoja na Anopheles funestus, hamjali sana ng'ombe, hata akifungwa mlangoni.

Kinachonitia shaka zaidi ni umbali. Pumzi na harufu ya mnyama huvuta mbu, na wakishafika, dirisha lisilo na wavu liko palepale. Isitoshe, vimelea huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kukomaa ndani ya mbu, kwa hiyo mbu wa hatari ni yule aliyeishi muda mrefu. Ng'ombe anayempa damu bila usumbufu anamsaidia kufika umri huo na kutaga mayai zaidi. Pale Goba, kando ya ndoo ya maji, nyayo za kwato zilikuwa zimejaa maji ya mvua, na katika mojawapo viluwiluwi vilikuwa vimelala sambamba na uso wa maji, kama walalavyo wa Anopheles.

Mizani hubadilika ng'ombe anapoogeshwa dawa ya kupe ya jamii ya pairethroidi, kwani mbu anayetua juu yake anaweza kufa, ingawa usugu wa mbu kwa dawa hizo umekwishaonekana nchini. Mfugaji wangu huogesha wake kwa ajili ya kupe tu. Nilipomshauri alisogeze banda mbali na dirisha, alinionyesha ukuta wa jirani: kiwanja kilikuwa kimekwisha.