Pomboo Aliyeishia Ujongoo

Mwenye duka mmoja wa Kizimkazi, Zanzibar, alitaka pomboo wa urefu wa mkono, amsimamishe mlangoni wageni wakirudi kutoka baharini. Gogo alilibeba mwenyewe, la mwarobaini, bado linatoka maji. "Fundi, Ijumaa nakuja kumchukua."

Mwarobaini unachongeka vizuri na wadudu hawaupendi (vumbi lake likikuingia mdomoni utajua kwa nini). Lakini gogo bichi lenye kiini katikati lazima lipasuke. Nikamwambia tulipasue pande mbili, tutoe kiini, ncha tuzipake nta, likae kivulini miezi kadhaa.

"Miezi? Kwani unamchonga au unamzalisha?"

Haya. Tezo ikatoa umbo, patasi ikafuata. Nyuzi za mti nilizielekeza toka mdomoni hadi mkiani, kwa hiyo kiwiliwili kikawa imara. Tatizo ni pezi la mgongoni: linasimama likizikatiza nyuzi, na shina lake halina nguvu. Pezi hilo huchongwa peke yake, nyuzi zikiwa wima, kisha likachomekwa kwa kijiti na gundi. Bosi akagoma, hataki pomboo wa kuunga. Nikaliacha humo humo, nene vidole viwili, nilipunguze mwisho. Alhamisi akaja kukagua, akamnyanyua pomboo kwa pezi kama anayenyanyua birika. Pezi likabaki mkononi mwake.

"Sasa?"

"Sasa ni nguva."

Nguva hana pezi mgongoni, na mkia wake umelala bapa vilevile. Kilichohitajika ni pua tu: nikaukata mdomo kwa msumeno, nikauviringa kwa tupa hadi ukainama chini. Msasa namba 80, 120, kisha 240. Bosi akafurahi mno, nguva ni adimu, akapandisha bei hapo hapo. Halafu, ili akauke upesi, akamweka juu ya bati, jua kali.

Ncha hukauka kabla ya tumbo. Nje kukisinyaa na ndani bado kuna maji, mti hauna njia ila kupasuka. Mkia ukaachana vipande viwili, nguva akabingirika kutoka batini, mapezi ya kifuani yakabaki kwenye sakafu.

Nikalisawazisha lile gogo lililobaki, nikalitoboatoboa vidoti kwa msumari, nikalipaka kiwi nyeusi.

"Na huyu?"

"Jongoo bahari."

Akamgeuza, akautazama ufa. "Nasikia jongoo ana bei sana."

"Akiwa mkavu, bosi. Huyu bado mbichi."