Kisanduku cha Android ni kompyuta, na aliyekinunua anastahili kupewa ramani yake

Katika kibanda cha fundi mmoja hapa Kondele, Kisumu, kuna katoni iliyojaa visanduku vya Android, vile vya kuchomekwa kwenye televisheni, ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Nilipomuuliza fundi ana mpango gani navyo, alinijibu: "Mwalimu, chagua unachotaka. Hivyo vinaganda kwenye nembo, na programu ya kuvirudishia uhai kila mtu anabahatisha." Nilichagua kimoja cheusi, kisicho na jina la maana, chenye kibandiko kilichodai kuwa kina memori ya GB 2. Jioni tatu baadaye kilikuwa kikiendesha Linux, mfumo endeshi huria, nami nikasoma kwenye skrini kwamba memori yake ni GB 1 tu.

Nakiita kompyuta bila kutia chumvi. Ndani yake mna chipu ya Amlogic S905W yenye viini vinne vya Cortex-A53 vya biti 64, soketi ya waya wa mtandao, matundu mawili ya USB na tundu la kadi ya memori. Adapta yake ni ya volti 5 na ampea 2, kwa hiyo hata kikilemewa na kazi hakiwezi kuvuta zaidi ya wati 10, na stima zikipotea mtaani kinaweza kuendelea kwa pawabenki. Kifaa cha namna hii kinatupwa kwa sababu Android yake imeharibika na aliyekiunda hakuacha maelezo ya kumwezesha mtu mwingine kukiwasha kwa njia nyingine. Hilo ndilo linaloniudhi, na ndilo lililonifanya niandike.

Wengi hudhani ugumu uko kwenye Linux yenyewe. Ukichukua flashi yenye Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, ukaichomeka kwenye kompyuta ya mezani, iwe ya kampuni yoyote, kwa kawaida itawaka, kwa sababu kompyuta hizo zina programu ya awali inayoujulisha mfumo endeshi ni vifaa gani vilivyomo na viko wapi. Visanduku hivi havina utaratibu huo. Kerneli, yaani sehemu ya msingi ya mfumo endeshi inayoendesha vifaa, hutegemea faili ndogo iitwayo devaisi trii, ambayo kwa kweli ni ramani ya bodi: inaeleza memori inaanzia wapi, pini gani inapeleka umeme kwenye kadi, chipu ya Wi-Fi imeunganishwa kwa njia gani, taa ya mbele inawashwaje. Ramani ikikosewa, kerneli huwa kama mgeni aliyeshushwa steji usiku akaambiwa atafute nyumba isiyo na namba. Chipu inaweza kuwa ileile katika visanduku kumi, lakini bodi zikawa kumi tofauti, na ramani ya bodi hiyo mahususi ndiyo ambayo muuzaji hatoi.

Nilianza kwa kuandika Armbian, toleo la Linux la bodi ndogo kama hizi, kwenye kadi ya memori. Ndani ya tundu la AV, pale panapochomekwa waya wa sauti na picha, kuna kitufe kidogo ambacho hakikutajwa popote kwenye kasha. Niliingiza kijiti cha meno taratibu mpaka nikakihisi kinabonyea, nikakishikilia hivyo huku nikichomeka umeme kwa mkono wa pili, nikahesabu sekunde kumi kisha nikaachilia. Kitufe hicho huifanya u-boot, yaani programu inayotangulia kerneli, isome faili ya aml_autoscript iliyo kwenye kadi, na kuanzia hapo ikumbuke kutazama kadi kwanza kabla ya memori ya ndani. Ni hatua ya upole, kwa sababu haifuti kitu. Android iliyomo ndani inabaki ilivyokuwa, na kwa yeyote anayeanza ningemshauri asiguse memori ya ndani mpaka mfumo wa kwenye kadi uwe umetulia kwa siku kadhaa.

Skrini ilibaki nyeusi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, ingawa skrini nyeusi haimaanishi kwamba hakuna kinachoendelea. Nilirudi Kondele, fundi akafungua kasha, akanionyesha matundu madogo pembeni mwa bodi, akachoma kwa risasi nyaya tatu nyembamba, moja ya ardhi, moja ya kutuma na moja ya kupokea. Tuliziunganisha na kompyuta yangu kupitia adapta ya USB ya volti 3.3 kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, tukawasha umeme. Maandishi yakaanza kumiminika: u-boot ikajitambulisha, ikahesabu memori, ikaiona kadi, ikaipakia kerneli, ikatangaza kwamba inaiwasha, kisha kimya. Fundi, ambaye kwa miaka mingi amerudisha visanduku kwa kubahatisha programu moja baada ya nyingine, alivuta kiti akasema, "Kumbe huwa kinaongea!"

Kimya kile kilitupa jibu. Nilikuwa nimeweka ramani ya chipu ya S905 ya 2015, ilhali hii ni S905W, ambayo ni ya ukoo mwingine ndani ya familia hiyohiyo. Nilifungua faili ya extlinux.conf, yenye mipangilio ya kuwasha mfumo, nikabadilisha mstari mmoja uelekeze kwenye ramani ya bodi iitwayo p281, na safari hii maandishi hayakukoma mpaka yalipoomba jina na nywila. Jioni tatu zote ziliishia kwenye mstari mmoja ambao muuzaji angeweza kuuchapa chini ya kasha.

Wala si fadhila tunayoomba. Kerneli ya Android ni Linux, na Linux imetolewa chini ya leseni ya programu huria iitwayo GPL, toleo la 2, la mwaka 1991. Kifungu cha 3 cha leseni hiyo kinamtaka anayesambaza programu iliyokwisha kutengenezwa aambatanishe msimbo wake, yaani maandishi ya programu ambayo mtu anaweza kuyasoma na kuyabadilisha, au atoe ahadi ya maandishi, inayodumu angalau miaka mitatu, ya kumpa msimbo huo yeyote atakayeuomba. Kasha langu halikuwa na ahadi yoyote. Nimesikia utetezi kwamba vifaa hufungwa ili kulinda filamu za kulipia, na naukubali kwa kiasi chake, kwani funguo za filamu zina wenyewe. Lakini ramani inayosema taa iko pini gani haifungui filamu ya mtu yeyote.

Kuna pia suala la usalama. Mwezi wa Juni 2025, FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyotekwa na wahalifu, vikiwemo visanduku vya televisheni, na baadhi yake vilikuwa na programu hiyo haramu hata kabla ya kununuliwa. Mzazi anayekiweka kifaa cha aina hiyo sebuleni, kwenye intaneti ileile anayofanyia benki, anapaswa angalau kuwa na njia ya kuking'oa kilichomo na kuweka mfumo ambao msimbo wake unasomeka. Nayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 hapa Kenya imeweka wajibu wa mzalishaji kwa bidhaa yake hata baada ya kumaliza matumizi yake. Mimi naona wajibu huo usiishie kwenye kukusanya mabaki, maana kifaa chenye ramani kinaweza kuchelewa miaka mingi kuwa taka.

Kisanduku changu sasa kiko nyuma ya ruta, kikiendesha Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila intaneti, yenye Wikipedia ya Kiswahili nzima. Watoto wa ploti yetu huisoma kwa simu za wazazi wao hata bando likiisha, kwa kuwa kurasa zinatoka hapohapo nyumbani. Kinatumia waya wa mtandao pekee. Chipu yake ya Wi-Fi haina draiva, yaani programu ya kuiendesha, katika kerneli niliyoweka, na msimbo wa draiva iliyokuja na Android uko kwa aliyekitengeneza. Nimemwandikia aliyekiuza, nikamtajia kifungu cha 3, nikaambatanisha picha ya bodi na namba iliyochapwa juu yake. Namba hiyohiyo fundi ameiandika kwa kalamu nzito juu ya visanduku vinne vilivyobaki kwenye katoni, vyenye bodi kama yangu.