Dola Moja ya Kufua, Bilioni Mia ya Kukadiria

Tuanze na kufua nguo, maana huko ndiko serikali ya Australia inakoonyesha akili zake zote. Ukijaza fomu ya kodi ya mwaka, unaruhusiwa kukata gharama ya kufua sare za kazi kwenye kipato kinachotozwa kodi. Ofisi ya Kodi imekaa, ikafikiri, ikapanga: mashine ikijaa sare za kazi tupu, dai dola 1. Ukichanganya, yaani shati la kazi likiogelea pamoja na soksi za mtoto, dai senti 50. Fulana yenye nembo ya mwajiri imo. Jinzi haimo, hata kama huivai popote ila kazini, kwa sababu jinzi ni vazi la kila mtu. Dai likivuka dola 150 kwa mwaka, lete ushahidi wa maandishi.

Hesabu hiyo sina neno nayo. Nchi yenye utaratibu lazima ijue kutofautisha soksi na sare. Kinachonikera ni kwamba jicho hilohilo linaloona soksi ndani ya povu hupata mtoto wa jicho likigeuziwa hela ambazo serikali inatumia yenyewe. Watanzania mnaolia na kikokotoo cha mafao ya wastaafu, mna bahati: chenu ni kimoja. Huku viko viwili, cha wananchi na cha wakubwa, na havijawahi kukutana.

Cha wakubwa kiangalieni kwenye nyambizi. (Dola zote ni za Australia, mpaka niseme vinginevyo.) Mwaka 2016 serikali huko Canberra, mji mkuu, iliwachagua Wafaransa watengeneze nyambizi 12, bei ikitajwa bilioni 50. Baada ya miaka michache ikawa bilioni 90. Septemba 2021 Scott Morrison, waziri mkuu wa wakati huo, akasimama na Wamarekani na Waingereza kutangaza AUKUS, mpango wa nchi hizo tatu wa nyambizi zinazoendeshwa kwa nyuklia, na Wafaransa wakaarifiwa saa chache kabla, mpaka balozi wao akaitwa nyumbani Paris. Kuvunja uchumba huo, ukijumlisha kila kitu pamoja na fidia ya milioni 830, kumegharimu kama bilioni 3.4. Nyambizi zilizopokelewa: sifuri. Hata usukani hatukupewa.

Serikali ikabadilika, akaja Anthony Albanese wa chama cha Labor, na mpango ukabaki palepale. Machi 2023 bei ya AUKUS ikatolewa: kati ya bilioni 268 na bilioni 368 mpaka katikati ya miaka ya 2050. Jamani, hiyo "kati ya" peke yake ni bilioni 100! Fundi bomba akikwambia kazi itagharimu kati ya laki mbili na elfu sitini na laki tatu na sitini, na kwamba choo kitaanza kutumika wajukuu wakishaoa, unamwonyesha mlango. Huyu wa AUKUS kaonyeshwa hazina.

Na nyambizi za kwanza, tatu za aina ya Virginia, zinanunuliwa Marekani kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2030. Australia imeahidi kuchangia viwanda vya Marekani dola za Kimarekani bilioni 3 ili viongeze kasi, na Februari 2025 ikatanguliza milioni 500. Kwa nini kasi? Kwa sababu ili Marekani itosheke yenyewe na bado iwe na za kuuza, viwanda vyake vinatakiwa kutoa nyambizi 2.33 kwa mwaka, na vimekuwa vikitoa kama 1.2. Tena sheria yao inasema kabla ya kuuza, rais athibitishe kwamba mauzo hayatadhoofisha jeshi lao. Yaani tumelipa kishika uchumba na mwenye mali bado ana haki ya kusema hapana.

Sasa hamia kikokotoo cha wananchi. Kuanzia 2015 kulikuwa na mtambo wa kudai madeni ambao watu waliubatiza Robodebt. Ulifanya kazi hivi. Centrelink, ofisi ya misaada, hulipa kila wiki mbili, na mpokeaji anatakiwa kutaja alichopata ndani ya wiki hizo mbili. Ofisi ya Kodi inacho kipato cha mwaka mzima. Kompyuta ikachukua kipato cha mwaka, ikakigawa kwa 26, ikatangaza: hiki ndicho ulichokuwa ukipata kila wiki mbili.

Chukua mtu aliyefanya kazi miezi sita akapata dola 26,000, kisha kazi ikaisha, akakaa miezi sita akipokea msaada, kihalali, na kila kitu amekitaja. Gawa 26,000 kwa 26, unapata 1,000. Kompyuta inashtuka: bwana wee, siku ulizokuwa ukilia huna kazi ulikuwa unaingiza dola elfu kila wiki mbili! Barua ya deni inatoka. Faini ya asilimia 10 inabandikwa juu. Unabisha? Basi lete hati za mshahara za miaka mitano, sita, hata saba iliyopita, kutoka kwenye mgahawa ambao siku hizi ni saluni ya kucha. Anayedai hana kazi ya kuthibitisha deni. Anayedaiwa ndiye athibitishe kwamba hadaiwi.

Mtoto wa darasa la tano angeona kosa. Wastani unafaa kwa mtu mwenye mshahara usiobadilika mwaka mzima, na mtu wa namna hiyo haendi Centrelink kuomba msaada. Wanaokwenda ni wa vibarua: wiki hii zamu tano, wiki ijayo bila bila. Wanasheria wa wizara waliandika tangu mwishoni mwa 2014 kwamba hesabu hiyo haikubaliki kwa sheria iliyopo. Mtambo ukawashwa hivyohivyo, na watu zaidi ya laki nne wakabandikwa madeni. Hapa sicheki, maana wapo waliojiua, na mama zao walikwenda kuyasema mbele ya tume ya uchunguzi ya Catherine Holmes, ambayo ripoti yake ya 2023 haikumung'unya maneno: mpango wa kikatili, usio wa haki wala halali. Madeni ya dola bilioni 1.76 yakafutwa au kurudishwa, na mwaka 2025 serikali ikakubali kuongeza fidia ya milioni 475. Na mpango wenyewe ulianzishwa, kaeni vizuri msianguke, ili kubana matumizi.

Kuna Snowy 2.0, mradi wa umeme wa maji. Wazo lenyewe ni zuri, nalikubali kwa mikono miwili. Milimani huko New South Wales kuna bwawa la juu, Tantangara, na la chini, Talbingo. Mchana sola zikizalisha umeme mwingi mpaka bei inaporomoka, unautumia kusukuma maji juu. Jioni watu wakiwasha majiko, unayaachia yashuke yazungushe mitambo, megawati 2,200. Unapoteza kama robo ya umeme njiani, lakini biashara inalipa. Malcolm Turnbull, akiwa waziri mkuu, alilitangaza Machi 2017: bilioni 2, miaka minne. Leo miaka minne imepita mara mbili. Bei ilifika bilioni 12 mwaka 2023, na Oktoba 2025 wenye mradi wakasema hata hiyo 12 haitoshi, ngojeni wapige hesabu upya.

Sababu moja inaitwa Florence. Ni mashine ya kuchimba handaki, ndefu kuliko uwanja wa mpira. Alianza kazi 2022, akaenda kama mita 150, akakutana na udongo laini uliolowa, akakwama. Juu yake ardhi ikatitia likawa shimo. Akakaa hapo zaidi ya mwaka, analipiwa kila siku, mpaka Desemba 2023 akanasuka. Mei 2024 akakwama tena, na safari hii ni mwamba mgumu uliombana mbavu, ikabidi waukate kwa maji ya shinikizo kali. Udongo laini haumfai, mwamba mgumu haumfai. Florence anataka mlima wa wastani. Ikabidi iagizwe mashine ya nne kumsaidia. Na msidhani ikiisha ndiyo imeisha: nyaya za kuufikisha umeme huo kwa watumiaji, mradi wa HumeLink, ziko kwenye bili nyingine ya karibu bilioni 5, ambayo mteja atalipishwa taratibu kwenye ankara yake ya umeme.

Reli ya Inland Rail, ya mizigo kutoka Melbourne hadi Brisbane, sitaichambua sana. Mwaka 2020 ilikuwa bilioni 14.5. Mwaka 2023 Kerry Schott, aliyepewa kazi hiyo na serikali, akaikagua akakuta imevuka bilioni 31, na akagundua kwamba walianza kujenga kabla ya kujua kwa hakika reli itaanzia wapi na itaishia wapi. TAZARA, na matatizo yake yote, siku ya kwanza ilijua inatoka Dar es Salaam inakwenda Kapiri Mposhi.

Kwenye ardhi nako ni vichekesho. Mwaka 2018 serikali ilinunua shamba la hekta 12 hivi huko Leppington, karibu na uwanja mpya wa ndege wa magharibi mwa Sydney, kwa milioni 29.8. Kabla mwaka haujatimia likathaminiwa kwenye vitabu vya serikali hiyohiyo: milioni 3 na kidogo. Lilikuwa kwa ajili ya njia ya pili ya ndege, ambayo haitahitajika mpaka karibu 2050. Kwa hiyo aliyeliuza akakodishiwa palepale, aendelee kulitumia. Laiti mpokea msaada angekwenda Centrelink na hesabu ya namna hiyo!

Ya karibuni ni tovuti ya hali ya hewa. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa na tovuti ya kizamani, sura mbaya kama picha ya leseni, lakini kila mkulima na mvuvi aliijua kama kiganja chake. Oktoba 2025, msimu wa dhoruba ukibisha hodi, wakazindua mpya. Rangi za rada zikabadilishwa, hivyo mvua ambayo jana ungeikimbia leo ikaonekana ya kawaida. Wakulima wakashindwa kutafuta hali ya hewa ya shamba lao mahususi. Kelele zikapigwa mpaka rada ikarudishiwa sura yake ya zamani. Watu wakauliza bei, wakaambiwa milioni 4.1. Mwezi uliofuata ikatoka hesabu kamili: milioni 96.5. Hizo 4.1 zilikuwa za kuchora sura tu. Kujenga mitambo iliyo nyuma yake kulikula karibu milioni 80, na majaribio ya usalama na uzinduzi zaidi ya 12. Wana hoja, mfumo wa zamani uliwahi kudukuliwa mwaka 2015 na ulihitaji kujengwa upya. Lakini ukiulizwa bei ya gari, hutaji bei ya rangi.

Wavuta sigara, ambao hakuna anayewatetea na mimi siwatetei, wao wanakamuliwa kwa kalenda. Ushuru hupanda Machi na Septemba kila mwaka, na mwaka 2025 umevuka dola 1 na senti 40 kwa sigara moja. Piga mara 20: dola 28 za serikali kabla hujalipia tumbaku yenyewe. Matokeo yake mtu anaingia duka la kona, anapewa pakiti ya magendo kwa chini ya bei ya ushuru peke yake. Magenge yanagombania soko hilo mpaka maduka ya Melbourne yamekuwa yakichomwa moto usiku. Na hazina? Mwaka 2019-20 ilikusanya zaidi ya bilioni 16 za tumbaku. 2024-25 makadirio yakashuka chini ya bilioni 8. Kodi imepanda, mapato yamegawanyika nusu. Bia ya kumimina nayo hupandishiwa Februari na Agosti, ila hiyo wameisimamisha kwa miaka miwili tangu Agosti 2025. Wanywa bia ni wengi.

Mtasema, basi waondoeni kwa kura. Kura yenyewe ni lazima tangu 1924, usipokwenda unaandikiwa faini ya dola 20. Kituoni unapata soseji ndani ya mkate, ya kununua, usidhani ni takrima. Karatasi ya mbunge unatakiwa uandike namba kwenye kila kisanduku, kuanzia unayempenda hadi usiyetaka kumwona. Ruka au rudia namba na kura imeharibika. Ya Seneti ni shuka: mwaka 2013 huko New South Wales ilipita mita moja, wagombea 110, maandishi madogo kiasi kwamba tume ilitoa vikuza-maandishi. Namba zako ndizo zinazohamisha kura kutoka kwa walioshindwa kwenda kwa waliobaki, ndiyo maana Mei 2025 Labor ilipata kama asilimia 35 ya chaguo la kwanza na viti 94 kati ya 150. Kura nyingine ziliifikia kutoka kwa watu walioona upande wa pili ni mbaya zaidi. Sheria ni sheria, sibishi. Ila nimeona hapo napo kosa la namba moja la mwananchi lina adhabu, na chama cha huyo aliyekosea kwa bilioni 10 mlimani jina lake liko kwenye karatasi, kisanduku cha tatu, kinaomba ukipe 1.