Msikimbilie kumfukuza kabla ya notisi

Jamani nimesoma hii habari ya mkandarasi kuacha saiti kazi ikiwa nusu, na wengi hapa mnasema afukuzwe leo leo. Nawaelewa hasira zenu ila mwenye mradi akikurupuka, kesi inamgeukia yeye. Kwa mfano mikataba ya FIDIC ya 1999 (mikataba ya mfano ya ujenzi inayotumika kimataifa), kwa makosa mengi kwanza injinia anampa notisi ya kurekebisha kosa, asiporekebisha, au akiwa ametelekeza kazi kabisa, ndo mwenye mradi anatoa notisi ya siku 14 ya kusitisha mkataba, labda awe amefilisika au ametoa rushwa, hapo hakuna kusubiri. Ukimtoa bila kufuata hizo hatua wewe ndo umevunja mkataba, na dai la fidia linakuja kwako.

Halafu dhamana ya utekelezaji, yaani ile ahadi ya benki kumlipa mwenye mradi mkandarasi akishindwa kazi, tafadhali angalieni tarehe ya mwisho!! Mara nyingi ni kama asilimia 10 ya mkataba, ikiexpire benki hailipi kitu. Pia pimeni kazi iliyofanyika na mpige picha kila kona kabla fundi mwingine hajaingia, maana akishaingia nani atajua nani alimwaga zege gani? Na je huyo mkandarasi alikuwa analipwa kwa wakati? Habari haijasema.